Taa za nixie kwenye saa ya kujitengenezea: dalili, chanzo na namna ya kuzirefushia maisha

Nixie, yaani taa za kioo zinazoonyesha tarakimu za saa, nyingi ninazoletewa zikiwa "zimekufa" bado zina uhai. Kinachokutwa ni rezista (kipande kinachopunguza mkondo) iliyochaguliwa vibaya, soketi iliyoshika kutu, adapta iliyochoka, au tarakimu ambayo haijawahi kuwashwa tangu saa iunganishwe. Mwenye saa anaagiza taa nyingine kutoka Ukraine, anaisubiri, anaichomeka palepale, na baada ya muda nayo inaugua ugonjwa uleule.

Inauma, kwa sababu taa hizi hazipatikani tena kirahisi. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1955, na viwanda vikubwa vilivyozitengeneza viliacha zamani. Zile tunazotumia wengi wetu, yaani IN-12, IN-14 na IN-18, ni akiba iliyobaki ya Umoja wa Kisovyeti. Mara nyingi utaona mwezi na mwaka vimepigwa chapa kwenye kioo. Wapo wanaotengeneza mpya kwa mkono, kama karakana ya Dalibor Farný kule Jamhuri ya Czech, lakini bei yake si ya kila mfuko. Taa uliyo nayo ndiyo ya kuitunza.

Ndani ya kioo kuna gesi ya neoni, na katika aina nyingi zebaki kidogo sana. Tarakimu kumi zimekatwa kwa chuma chembamba na kupangwa moja nyuma ya nyingine. Kila moja ni kathodi, yaani upande hasi. Wavu unaozizunguka ndio anodi, upande chanya. Ukiipa volti za kutosha, gesi iliyozunguka tarakimu moja inang'aa rangi ya chungwa. Hakuna waya unaopata moto kama wa balbu, kwa hiyo nixie haiungui. Kinachoimaliza ni chembe za chuma kung'oka kwenye tarakimu inayowaka na kutua penginepo: kwenye kioo, na kwenye tarakimu za jirani zilizozimwa. Mkondo ukizidi, chembe zinang'oka kwa kasi kubwa. Shikilia hilo, maana karibu dalili zote hapa chini zinarudi kwenye mambo mawili: mkondo unaopita, na tarakimu kukaa bila kazi.

Kabla ya kufungua boksi

Saa hizi zina volti 170 hadi 180 za mkondo mnyoofu (DC), hata kama adapta yako ni ya volti 12 tu. Volti hizo zinaweza kuua. Chomoa adapta, subiri, kisha pima miguu ya kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme hata adapta ikichomolewa) ya upande wa volti kubwa. Usiguse kitu mpaka mita isome chini ya volti 10. Kama saketi yako haina rezista ya kuimaliza kapasita, weka ya kilo-ohm 470 sambamba nayo. Kwa kapasita ya mikrofaradi 4.7 itaishusha kwa sekunde chache. Ukilazimika kupima saa ikiwa inawaka, vaa ndala kavu, mkono mmoja uweke nyuma ya mgongo, na hakikisha watoto hawapo mezani.

Acha kabisa kama saa yako haina adapta wala transfoma, yaani imechukua umeme wa ukutani wa volti 230 na kuupitisha kwenye dayodi moja kwa moja. Humo kapasita hufika volti 325, na kila kipande cha bodi, hata "negativu" yake, kinaweza kuwa na umeme wa nyumba. Mpelekee fundi aliyewahi kutengeneza televisheni za zamani zenye kichogo. Hao wanajua kuishi na volti kubwa. Mwombe akubadilishie chanzo cha umeme chote, maana kutibu dalili tu hakutaondoa hatari.

Vipimo viwili vya kuanzia

Kwanza, volti kubwa yenyewe. Kwa IN-12 na IN-14 tafuta volti 170 hadi 180 saa ikiwa inawaka. Ikizidi 200, punguza kwa kile kiskrubu cha kurekebishia kabla ya kuendelea na lolote.

Pili, mkondo wa kila taa. Huna haja ya kukata waya. Pima volti kati ya miguu miwili ya rezista ya anodi, ile inayoipa taa mkondo, kisha gawanya kwa thamani ya rezista. Mita ikisoma volti 40 kwenye rezista ya kilo-ohm 22, mkondo ni milliampea 1.8. Kwa IN-14 inayowashwa muda wote, huo ni mkondo mzuri. Milliampea 2.5 ndiyo kawaida ya IN-12 na IN-14, na hakuna sababu ya kuivuka. IN-18, ile kubwa, inahitaji takriban 4 hadi 6.

Kipimo cha jicho nacho kinasaidia: washa 8. Ndiyo yenye chuma kingi, kwa hiyo mkondo ukipungua itakuwa ya kwanza kuacha kona bila mwanga. Punguza mkondo mpaka 8 ianze kukosa sehemu, kisha panda kidogo. Hapo umepata kiwango ambacho taa inawaka yote bila kujila. Kumbuka pia kwamba 1 ina chuma kidogo kuliko zote, kwa hiyo mkondo uleule unaitesa zaidi.

"Tarakimu inawaka nusu tu"

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote. Mtu anasema 7 ya dakika ina kichwa lakini haina mguu, au 3 inawaka juu na chini ni giza.

Kama taa zako ziko kwenye soketi, zima saa, hakikisha kapasita imeisha, kisha hamishia taa hiyo kwenye soketi ya jirani. Kasoro ikihama pamoja na taa, ni ya taa. Ikibaki palepale, taa haina kosa na unapaswa kutafuta kwenye saketi. Kama taa zimeungwa kwa risasi, usizing'oe. Pima mkondo wa taa hiyo na wa jirani yake, ulinganishe.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha kawaida, ni utando. Chembe zilizong'oka kwenye tarakimu zinazowaka zimetua juu ya ile isiyotumika, kama masizi kwenye sufuria, na gesi haishiki tena pale. Angalia zamu za tarakimu kwenye saa na utaelewa. Makumi ya dakika hayapiti 5. Hapo 6, 7, 8 na 9 hazijawahi kuwaka. Makumi ya saa ni mabaya zaidi. Kwenye saa ya masaa 24 yanatumia 0, 1 na 2 tu. Na wengi wetu huku tumeipangia programu isome saa zetu, jua likichomoza iandike 12. Taa ya kwanza kushoto hapo huwasha 1 peke yake, kuanzia 10:00 hadi 12:59, alfajiri na jioni. Ni masaa 6 kwa siku. Masaa 18 yaliyobaki taa imezimwa, au mbaya zaidi, imeshikilia 0. Tarakimu 2 hadi 9 hazionji umeme mwaka mzima. Siku ukitaka kuhamishia taa hiyo kwenye dakika, ndipo unagundua nusu ya tarakimu zimefunikwa.

Chanzo cha pili ni mkondo mdogo. Mwenye saa aliona mwanga mkali chumbani, akabadilisha rezista ya kilo-ohm 22 akaweka 68. Mwanga ulipungua, na mipaka ya tarakimu ikaanza kukosa mwanga. Sehemu isiyowaka haijisafishi, kwa hiyo utando unazidi kuishika. Kama unataka mwanga mdogo, acha mkondo uwe wa kawaida na ufupishe muda wa kuwasha: taa iwashwe na kuzimwa haraka sana, jicho lione hafifu. Kila inapowaka, inawaka yote.

Chanzo cha tatu, na hiki si cha mara kwa mara, ni taa iliyochakaa kweli. Utaona weusi mwingi kwenye kioo na tarakimu zilizotumika sana zinawaka kwa shida hata mkondo ukiwa sahihi.

Tiba ya utando ina hatua mbili. Anza na ile pole: andika programu inayowasha tarakimu zile tu zilizofunikwa, kwa mkondo wa kawaida, usiku kucha. Utando mwepesi mara nyingi huondoka hivyo.

Usipoondoka, itoe taa na uipe umeme pembeni, tarakimu moja kwa wakati, kwa mkondo ulioongezwa. Kwa IN-14, chanzo cha volti 180 na rezista ya kilo-ohm 10 ya nusu wati vitakupa takriban milliampea 4. Washa dakika 15, zima, acha kioo kipoe, angalia, rudia. Ukikaa karibu unaona kazi ikifanyika: kwenye 3 iliyokuwa na giza chini, ukingo wa rangi ya chungwa unasogea polepole kwenye waya, unasita penye doa, wakati mwingine unarudi nyuma kidogo, kisha unavuka ghafla na mkia wote unashika. Ukishika, endelea kwa mkondo wa kawaida masaa machache zaidi. Taa nyingine zinahitaji kurudiwa siku kadhaa.

Acha mara moja ukiona kioo kinaanza kupata weusi, au kioo ni cha moto kiasi kwamba kidole hakikai. Usijaribu kuharakisha kwa milliampea 10. Utasafisha 3 na kuzipaka chuma tarakimu tisa zilizobaki.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Weka kwenye programu yako zoezi la kila usiku, tuseme saa 9 usiku, taa zote zipitie 0 hadi 9 kwa dakika chache, na zile tarakimu zisizo na kazi zipewe muda mrefu zaidi. Usiwashe 0 ya mbele kwenye masaa. Kama una soketi, mara moja kwa mwaka badilishana taa ya makumi ya saa na ile ya sekunde za mwisho. Hiyo ya sekunde hupita tarakimu zote kumi kwa usawa. Na nje ya dakika hizo za zoezi, zima taa nyumba inapolala. Mwaka una masaa 8,760. Ukizima kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, umeipumzisha taa karibu masaa 2,920. Kihisi cha mwendo cha bei ndogo, kama kile cha HC-SR501, kinafanya kazi nzuri zaidi, maana saa haiwaki kwa ajili ya kuta tupu mchana mkiwa kazini.

Jambo moja la pembeni: mtu akikuambia 5 ya IN-12 yake imekaa vibaya, mtulize. Kiwanda kilitumia 2 iliyopinduliwa. Hakuna cha kutibu.

"Taa moja haiwaki kabisa, nyingine ni nzima"

Anza na soketi. Hewa ya huku kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria ina unyevu, na pini za IN-12 zilizokaa ghalani miongo kadhaa zina utu uzima wake. Zima, maliza kapasita, toa taa kwa kuivuta wima bila kuiyumbisha, sugua pini kwa kifutio cha penseli, rudisha. Kesi nyingi zinaishia hapo.

Bado? Angalia maungio ya risasi kwenye rezista ya anodi kwa kioo cha kukuzia. Ungio lililopasuka lina kiduara cheusi kuzunguka mguu. Pima rezista yenyewe, saa ikiwa imezimwa. Kisha chipu inayoendesha taa, K155ID1 au 74141: kama tarakimu moja tu haiji na nyingine tisa zinakuja, tuhumu mguu wa chipu au njia yake kwenye bodi kabla ya taa.

Mwisho kabisa tuhumu taa imeingiza hewa. Dalili ni mbili: haiwaki hata ukiipa volti kubwa pembeni, au inatoa mwanga wa zambarau uliotawanyika usio na umbo la tarakimu. Kagua pale waya zinapoingia kwenye kioo. IN-14 ina waya laini, na anayezikunja karibu na kioo hupasua muhuri kwa ufa mwembamba ambao jicho halioni. Kunja waya ukiwa umezishika kwa kibano milimita chache kutoka kwenye kioo, ili nguvu iishie kwenye kibano. Taa iliyoingiza hewa haina tiba, usiipotezee muda.

"Taa zote ni hafifu, zinapepesa, au zinakataa kuanza"

Zikiugua zote kwa pamoja, taa si mgonjwa. Pima adapta saa ikiwa inawaka, si ikiwa mezani peke yake. Adapta nyingi zilizoandikwa volti 12 ampea 2 hushuka hadi 9 zikipewa mzigo, na saketi ya kupandisha volti inaanza kuhema. Jaribu adapta nyingine kabla ya kugusa kitu chochote ndani. Wenye saa visiwani, Ukerewe na kwingineko, wanaochukua umeme moja kwa moja kwenye betri ya sola, wana shida ya upande wa pili: betri ikichajiwa hufika volti 14.4, na kapasita ya kuingilia iliyoandikwa volti 16 inaishi ukingoni. Weka ya volti 25.

Adapta ikiwa nzima, angalia kapasita ya volti kubwa. Saa iliyowekwa juu karibu na bati, bila dari, inaoka mchana kutwa. Taa hazijali joto hilo, lakini kapasita za maji (elektrolitiki) zinakauka. Iliyovimba kichwa au kuvuja, badilisha kwa yenye mikrofaradi zilezile na volti 250 au zaidi. Baada ya hapo ni transista ya kupandishia, kwa kawaida IRF740, na dayodi yake, ambayo lazima iwe ya kasi kama UF4004. Aliyeweka 1N4007 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani atapata transista ya moto na volti zinazolegea. Ukinusa harufu ya kuungua au koili ikilia kwa sauti kali, chomoa na usiwashe tena kujaribu. Hapo mpe fundi, hasa kama huna mita ya kuaminika.

Kama taa zinachelewa sekunde moja mbili kuwaka gizani tu na mchana zinawaka papo hapo, si ugonjwa. Gesi inahitaji kichocheo kidogo cha mwanga ili ianze. Watu huweka LED ndogo chini ya kila taa, na inatosha.

"Naona tarakimu mbili kwa pamoja"

Nyuma ya 4 kuna 9 hafifu. Kama saa yako inawasha taa kwa zamu, yaani chipu moja inazihudumia taa zote haraka haraka, chanzo cha kwanza ni programu kutoacha mwanya. Taa iliyotangulia bado haijazimika na inayofuata imeshapewa tarakimu yake. Ongeza mapumziko ya mikrosekunde 100 hadi 200 kati ya taa na taa, zote zikiwa zimezimwa. Kwa kuwa kila taa inapata sehemu ndogo ya muda, wengi hupandisha mkondo ili kufidia mwanga. Usiupandishe kupita kiasi, maana chembe zinang'oka kwa kadiri ya kilele cha mkondo.

Saa isiyotumia zamu ikionyesha kivuli, safisha bodi. Mabaki ya dawa ya kuungia risasi hunyonya unyevu, na kwa volti 170 unyevu huo ni njia. Ziwa letu ni la maji baridi, hakuna chumvi hewani kama pwani, lakini mvua zikianza bodi chafu inaonyesha tabia yake. Sugua kwa mswaki laini uliochovywa spiriti, acha ikauke siku nzima. Ukiwa unafungua, toa na vijidudu vya ziwani. Vinafuata mwanga, vinajazana ndani ya boksi lenye matundu makubwa, na miili yao ikikaa juu ya njia za volti kubwa inavujisha umeme. Mjusi naye akiingia kutafuta vijidudu hivyo anaweza kupiga shoti. Funika matundu ya hewa kwa wavu wa dirishani.

Yote hayo yakishindwa, pima volti kubwa tena. Chipu za K155ID1 zinahimili takriban volti 60 kwenye tarakimu zilizozimwa. Volti kubwa ikipanda mno, zinaanza kuvujisha, na ndipo kivuli kinatokea.

"Rangi imebadilika"

Bluu kidogo pembeni ya tarakimu katika taa zenye zebaki ni kawaida. Bluu ikitawala, mkondo umezidi. Rudi kwenye kipimo cha pili. Weusi kama kioo cha kujitazamia ndani ya taa ni chuma kilichong'oka. Haufutiki, lakini ukipunguza mkondo leo hautaongezeka kwa kasi ileile. Zambarau isiyo na umbo ni hewa, tumeshaisema.

"Umeme ukikatika, saa inasahau"

Hili linaonekana kuwa la saa na si la taa, lakini linaua taa. Umeme ukirudi saa inasimama kwenye 00:00 au 12:00, mwenye nyumba yuko safarini, na tarakimu zilezile zinawaka wiki nzima. Badilisha betri ya kidonge, CR2032, kwenye moduli ya kumbukumbu ya muda. Kama moduli yako ni ile ya DS3231 iliyoandikwa ZS-042, kuwa mwangalifu: ina njia ya kuchaji betri, na CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba au kuvuja. Toa ile rezista ya ohm 200 iliyo karibu na dayodi ndogo, au tumia LIR2032 inayochajiwa. Kisha andika kwenye programu kwamba muda usipojulikana, taa zizunguke tarakimu zote kwa mwanga mdogo badala ya kuganda.

"Baada ya radi, kimya"

Mvua za usiku zinazotoka ziwani huja na radi nyingi. Wingu likinguruma, chomoa adapta ukutani. Swichi ya eksitensheni haitoshi. Ikishapiga na saa iko kimya, jaribu adapta nyingine mara moja tu. Ikikataa, kagua bodi kwa macho bila umeme. Ukiona alama za moshi, njia zilizong'oka au chipu iliyopasuka, usiipe umeme tena. Toa taa zako uzihifadhi kwenye pamba au sponji. Mara nyingi zenyewe zinakuwa salama na ni bodi tu iliyokwenda. Kama vyombo vingine ndani ya nyumba navyo vimeungua, mwite fundi umeme aliyesajiliwa akague waya za nyumba na waya wa ardhini kwanza.

Taa ikivunjika

Zebaki iliyomo ni kidogo sana, lakini mvuke wake si wa kuvuta. Toa watoto, fungua madirisha, toka chumbani robo saa. Usifagie, na usitumie mashine ya kunyonya vumbi. Vyote viwili vinaitawanya. Vaa glavu, kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi dogo liokote kwa utepe wa gundi, na uweke vyote kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Usiitie kwenye taka zinazochomwa uani wala kuitupa ziwani. Kitambaa ulichofutia nacho kiende kwenye chupa hiyohiyo.